Anti, wahudumu wangu wanataka laki tano, nifunge mgahawa?

SWALI

Shikamoo anti, pole na majukumu. Mimi ni mama wa watoto watatu nipo Ihumwa hapa Dodoma, nina mgahawa barabarani ukielekea Mtumba, nilianza na banda la turubai na meza mbili kipindi kile watu wanahamia hamia makao makuu, sa hivi nina fremu nalipia laki mbili kwa mwezi na meza zimefika nane namshukuru Mungu. Wateja wangu wengi ni mafundi na vibarua wa saiti, madereva wa malori, bodaboda, watumishi nao wanakuja mshahara ukitoka tu, ikifika katikati ya mwezi wanarudi kwenye hotpoti zao.

Asubuhi nauza supu na chapati, mchana wali, ugali, maharage, nyama, mlenda, sahani ni buku mbili jero. Siku nzuri zinatoka sahani 90 siku mbaya 65, we weka 80. Nina mpishi nampa laki mbili kwa mwezi, na wahudumu watatu nawapa elfu 5 kila jioni na kula wanakula hapohapo. Wanaingia saa 11 alfajiri tunafunga saa 12 jioni. Na yupo mtoto wa dada'angu nakaa naye nyumbani, yeye anachambua mchele, anaosha vyombo, anahudumia pia kukiwa na watu, huyu simlipi ila nguo, mafuta, vocha, kila kitu ni mimi.

Sasa mwezi wa kwanza mwaka huu tupo katikati ya kupakua chakula, foleni imefika mlangoni, binti mmoja upawa mkono huu simu mkono huu ananionesha stetasi ya mtu, "mama kima cha chini kimepanda, ni laki tano". Mwenzie akadakia sio laki tano ni laki tatu na hamsini na nane. Mpishi hakusema neno ila nilivyoona anavyousonga ule ugali nikajua ujumbe umefika. Toka siku hiyo kila jioni nikigawa zile elfu tano tano wanapokea wananiangalia usoni.

Nikamuuliza kijana anayenisaidia mambo ya TRA, ndo akanimaliza kabisa, ananiambia mama kuna NSSF ya pensheni, kuna WCF ya fidia ya anayeumia kazini, kuna SDL ya kuendeleza ujuzi, kuna PAYE ya kodi ya mshahara, ukikaguliwa umekwisha. Af mwenye mchele pale Majengo kapandisha mia mbili kwa kilo nikimuuliza vipi anasema mishahara imepanda mama, wa gesi wimbo huohuo, na mwenye fremu juzi kanitumia meseji ya kodi mpya, yaani huo mshahara umepanda kwa nani mbona kila mtu ananidai mimi??

Nimefikiria mambo matatu. Moja nipandishe sahani iwe 3,500 lakini mama jirani yangu anauza buku mbili maana anafanya na wanae hana mfanyakazi. Au nipunguze wawili. Au wote niwaambie kuanzia sasa ni vibarua wa siku hakuna kuandikishana. Mume wangu anasema achana nao wakitaka waende, watu wa kazi wamejaa tele. Nilitaka hata nichukue mkopo wa kausha damu niwalipe huku natafakari. Na hapo kuna msimamizi wa saiti vijana wake 12 wanakula kwa daftari deni limefika laki sita. Anti nishauri, nifunge au nipambane?

Mama Lishe, Ihumwa

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na mbukwenyi wote wa huko Dodoma. Mkopo wa kausha damu weka pembeni kwanza, hilo halina mjadala, hukopi kwa riba ile kulipa mshahara wa mwezi, mwezi ujao utakopa tena.

Tuanze na hizo namba maana ndizo zimekutisha. Laki tano ni ya watumishi wa umma. Rais Samia aliitangaza Mei Mosi 2025 pale Singida, kutoka 370,000 kwenda 500,000, nyongeza ya asilimia 35.1 kuanzia Julai mwaka huohuo, haikuhusu wewe wala binti wako wa upawa. Hiyo ya pili, 358,322, hiyo kweli ni ya sekta binafsi, serikali ilitangaza Oktoba 2025 na ikaanza tarehe 1 Januari 2026, ila ni WASTANI, kutoka 275,060 imekuwa 358,322, ongezeko la kama asilimia 30. Humo ndani kuna mabenki, migodi, kampuni za simu, wote wamejumlishwa na mgahawa wako halafu ikagawanywa. Amri yenyewe ya kima cha chini ina jedwali, kila sekta ina mstari wake, na migahawa, gesti na baa huwa ziko chini kabisa ya hoteli kubwa za kitalii. Kwaiyo kazi ya kwanza kabisa, nenda ofisi ya kazi hapo mjini, muombe afisa kazi akuoneshe mstari wako, piga picha, kaibandike ukutani jikoni. Ukishabandika hiyo karatasi habari za stetasi zinaisha siku hiyohiyo. Usiogope kwenda, kuuliza sio kosa na hakuna atakayekuja kukufungia kwa sababu umeuliza.

Lakini na mimi nikwambie ukweli usioupenda. Elfu 5 kwa siku mara siku 26 ni laki moja na thelathini. Amri ya zamani iliyoanza Januari 2023 iliweka sekta ya biashara na viwanda 150,000. Mstari wa migahawa ni mwingine, ila kwa kipimo hicho huenda hao mabinti hawajaanza kupunjwa mwezi wa kwanza, stetasi ndo imewaamsha.

Sasa chukua daftari tupige hesabu, mimi ntatumia mfano tu, tuseme wahudumu wafike laki mbili kila mmoja, we ukishaona mstari wako utabadilisha namba. Wahudumu watatu wanaongezeka elfu 70 kila mmoja, hiyo 210,000. Mpishi huwezi kumuacha palepale kwenye laki mbili sawa na anayefuta meza, ataondoka na mchuzi wako wote kichwani, mpe 250,000, hapo imeongezeka 50,000. Mishahara yako yote sasa ni 850,000. Mchango wako wa NSSF asilimia 10 ni 85,000, WCF ni nusu ya asilimia moja, 4,250. Jumla ya nyongeza yote ni 349,250 kwa mwezi. Unauza sahani 80 kwa siku 26, sahani 2,080. Gawanya.

Shilingi 168 kwa sahani!

Rudia mwenyewe kama huniamini. We ulitaka kuongeza buku zima kwa kitu kinachogharimu mia na sitini na nane, na hapo supu na chapati sijazigusa kabisa. Ndo maana huwa nawaambia watu mshahara ukipanda kwa theluthi haina maana bei ipande kwa theluthi, maana mshahara ni kipande tu cha bei. Kwako wewe leo kwenye ile 2,500 wafanyakazi wote wanne kwa pamoja wanachukua kama 284, hela yako nyingi inaenda kwenye mchele, nyama, mafuta, gesi na fremu. Kuna maprofesa wawili Marekani, Card na Krueger, walifatilia jambo hilihili, jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini mwaka 1992 kutoka dola 4.25 mpaka 5.05 kwa saa, wakalinganisha migahawa ya chakula cha haraka ya huko na ya jirani Pennsylvania ambako hakikupanda. Hawakuona ajira ikipungua, bei ya chakula ilipanda kidogo. Wenzao walibishana nao miaka na miaka, na Card alikuja kupata Nobel ya uchumi 2021. Sasa sisi sio New Jersey najua, huko hamna jirani anayeuza buku mbili na wanae bila mshahara, ila hesabu ya kipande inafanya kazi kotekote.

Sio kila biashara inapona kirahisi hivyo lakini. Mwenye saluni au mwenye kampuni ndogo ya ulinzi, bidhaa yake NI mtu, mshahara ukipanda karibu gharama yote imepanda, huyo lazima bei aiguse kweli au apunguze malindo. Na mwenye duka la rejareja lenye kijana mmoja anauza soda na sukari, bei mtaani inajulikana hana pa kuongezea, inatoka kwenye faida yake yeye. We una bahati unauza kitu unachokipika mwenyewe.

Hofu za kijana wako wa TRA nusu zake ni hewa. SDL inamhusu mwenye wafanyakazi kuanzia 10, we hujafika. PAYE haianzi mpaka mshahara uzidi 270,000 kwa mwezi, hata mpishi wako hajafika. NSSF na WCF ndo za kweli, hizo jisajili. Na waambie mabinti mapema kabisa kwamba NSSF na wao wanakatwa asilimia 10, laki mbili mkononi inakuwa laki na themanini, usipowaambia siku ya kwanza watasema umewaibia, nimeshaona watu wamenuniana miezi kwa hilo tu.

Haya, sasa ngoja nikuoneshe panapovuja kweli, maana barua yako umepapita haraka haraka. Saa 11 alfajiri mpaka saa 12 jioni. Hayo ni masaa 13, toa moja la kupumzika yanabaki 12, mara siku sita ni masaa 72 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema 45 kwa wiki, yanayozidi ni ovataimu kwa mara moja na nusu, na hiyo ovataimu yenyewe isizidi masaa 50 ndani ya wiki nne. Wako wanazidisha 27 kila wiki, yaani ndani ya wiki mbili kikomo cha wiki nne umeshakipita. Kwa mshahara wa laki mbili saa moja ni kama 1,026, ovataimu 1,538, zidisha mara 27, ni zaidi ya elfu 41 kwa binti mmoja kwa WIKI. Siku mmoja akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kijidaftari chake cha masaa, kima cha chini utakisahau kabisa.

Dawa yake ni shifti wala huhitaji mtu mpya. Wawili waingie saa 11 alfajiri watoke saa 7 na nusu mchana, wawili waingie saa 4 asubuhi watoke saa 12 na nusu jioni, kila mmoja apate saa moja ya kupumzika, hapo kila mtu amepiga saa 7 na nusu, mara siku sita ni 45 kamili. Na angalia uzuri wake, kuanzia saa 4 mpaka saa 7 na nusu wote wapo, ndo muda foleni yako inafika mlangoni. Ile saa moja ya kabla ya saa 12 asubuhi inahesabika ni usiku, ina nyongeza ya asilimia 5, vihela vidogo tu usivikimbie. Mpishi na msaidizi mmoja ndo wa alfajiri, huyo mpishi mchana akishasonga na kupika wengine watapakua wenyewe, wewe upo.

Kupunguza wawili sikushauri, nani atapakua sahani 80 mchana mmoja? Foleni ikiganda dereva wa lori hakusubiri. Na hata ukitaka kupunguza haiendi kwa "kesho usije", sheria inataka uwape taarifa, uwaeleze sababu, mkae mzungumze, uwape notisi, na aliyemaliza mwaka ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha mpaka miaka kumi. Akiona kaonewa ana siku 30 za kwenda CMA. Na hilo la kuwaita vibarua wa siku bila karatasi ndo baya kuliko yote mdogo wangu, binti amekuja kila siku miaka miwili unamuita kibarua? Bila karatasi wewe ndo huna ushahidi, sio yeye. Andikeni mkataba wa ukurasa mmoja, kazi gani, masaa mangapi, shilingi ngapi, siku 28 za likizo, saini, basi. Shemeji anaposema watu wa kazi wamejaa tele ni kweli wamejaa, ila muulize mpya atajua lini nani anakula bila pilipili na nani anakula kwa daftari.

Bei sasa. Na mtoto wa dada'ako tumuingize kwenye hesabu maana huyo ni mfanyakazi kama wengine, anachambua mchele anahudumia, kumlea ni undugu wako na dada'ako, kazi ni kitu kingine na undugu haufuti mshahara. Akiwa laki mbili na michango yake inaongezeka 221,000, jumla nyongeza yote inakuwa 570,250, kwa sahani ni kama 274. Kwa hesabu kavu ungeweka 2,800, ila chenji ya mia mbili utaitoa wapi saa saba mchana na foleni? Mimi ningefanya hivi, wali nyama uwe 3,000, ugali mlenda na ugali maharage vibaki 2,500 palepale. Zikitoka nusu kwa nusu unapata kama 520,000. Inapungua kama elfu 50, hiyo itatoka kwenye faida yako, ndo ukweli, nyongeza ya mshahara huwa inagawanywa, kidogo mteja kidogo mwenye biashara, anayekwambia italipwa yote na mteja anakudanganya. Jirani wa buku mbili muache, anachukua wa buku mbili, na akiugua mtoto mmoja siku hiyo hafungui.

Na usisahau upande wa pili, mafundi na vibarua wa saiti wanaokula kwako nao wamo kwenye jedwali hilohilo, ujenzi una mstari wake. Wakilipwa vizuri wanakula wapi? Sio wote watalipwa ndio, makandarasi wengine ni kama wewe wanapiga chenga, ila wakilipwa hela inarudi kwenye meza zako nane kabla ya kufika kokote.

Wauzaji wanaokwambia "mishahara imepanda" uliza maswali. Mchele wa Mbeya au hata huu wa Bahi, aliyelima alilima kwa familia yake na vibarua wa msimu, bei yake inaendeshwa na mavuno na mafuta ya lori, na bei kikomo za mafuta EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatoa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, we angalia kama zimepanda. Mia mbili nzima kwa kilo kisa mshahara wa wabeba magunia wawili? Gunia la kilo 100 hiyo ni elfu 20, kwani wanalibeba mara ngapi. Zunguka Majengo ufike hata soko la Ndugai, uliza wauzaji tofauti tofauti siku hiyohiyo, utajua nani anapandisha kwa gharama na nani anapandisha kwa sababu ameona mwenzie kapandisha. Mwenye fremu yeye hana mfanyakazi hata mmoja humo ndani, yeye anaiangalia Mtumba inavyojengwa tu, soma mkataba wako wa pango umeandikwa mpaka lini, kama muda haujaisha mjibu kistaarabu kwamba mtaongea ukiisha.

Mwisho huyo msimamizi wa saiti. Laki sita mdogo wangu, LAKI SITA, inazidi nyongeza ya mwezi mzima ya mishahara yote niliyokupigia hapo juu na mtoto wa dada'ako ndani, halafu we unawaza kausha damu! Sahani ya mkopo uliilipia mchele, gesi na elfu tano za jioni siku ileile. Mpelekee daftari wiki hii akiwa na vijana wake pale saiti, sio kwa meseji, mwambie alipe nusu ijumaa na nusu ijumaa inayofuata, na kuanzia jumatatu daftari lake lisizidi wiki moja. Akigoma hao vijana 12 waambie karibuni ila mnalipa wenyewe kwa lipa namba, najua wengine utawakosa, mchana ule ule meza zao watakaa madereva.